Ajali ina kinga: Vifo vya barabarani nchini na funzo la Mji wa Kale, Mombasa

WATU 4,748 walifariki katika ajali za barabarani nchini Kenya mwaka wa 2024, kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Mwaka uliotangulia walikuwa 4,324. Kwa wastani, watu 13 walipoteza maisha yao kila siku.

Idadi hiyo imefikiwa baada ya miongo miwili ya kanuni, misako, marufuku na ahadi. Mawaziri wamekuja na kuondoka, sheria zimerekebishwa, mamlaka mpya imeundwa, na bado makaburi yanaongezeka.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa wa mtu kuishi, na katika Pwani ya Kenya wapo wengi ambao bado hulitumia kwa maana hiyo ya siku iliyoandikwa. Hata hivyo, takwimu za barabarani hazifuati majaliwa. Zinafuata mwendo wa magari, upana wa barabara, hali ya breki na jinsi sheria inavyotekelezwa. Zinapotazamwa kwa makini, zinaonyesha pia kwamba wanaokufa zaidi si wale ambao kanuni nyingi zilitungwa kwa ajili yao.

Mwelekeo wa takwimu

Kati ya 2014 na 2017, vifo vilivyonakiliwa na polisi vilikuwa vikizunguka 3,000 kila mwaka. Mnamo 2018 vilipita 3,100, na mwaka uliofuata vikapita 3,500.

Mwaka wa 2020 ulitarajiwa kuleta nafuu. Serikali ilitangaza kafyu ya usiku kuanzia Machi 27 kutokana na janga la corona, na Kaunti ya Mombasa ilifungwa, watu wasiingie wala kutoka, kuanzia Aprili 8 hadi mapema Julai. Licha ya hayo, vifo vya barabarani nchini vilipanda hadi karibu 4,000. Mnamo 2021 vilizidi 4,500, na 2022 vikakaribia 4,700. Kupungua kwa 2023 hakukudumu, kwani mwaka wa 2024 ulileta ongezeko la takriban asilimia 10.

Waenda kwa miguu pekee huwa zaidi ya thuluthi moja ya wanaofariki kila mwaka. Ukiwajumlisha na waendeshaji wa pikipiki pamoja na abiria wao, idadi hiyo hupita nusu ya vifo vyote. Abiria wa matatu na mabasi, ambao misiba yao ndiyo hutangazwa sana, ni sehemu ndogo zaidi.

Hesabu mbili zisizolingana

Takwimu za serikali hutokana na ripoti za polisi. Mwathiriwa anayekimbizwa hospitalini na wasamaria wema na kufariki siku kadhaa baadaye, au anayezikwa bila ajali kuripotiwa kituoni, anaweza kukosa kuingizwa katika daftari hilo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hutumia utaratibu tofauti, ambapo hukadiria vifo vyote vinavyotokea katika muda wa siku 30 baada ya ajali. Katika ripoti yake ya 2018, shirika hilo lilieleza kuwa Kenya ilinakili vifo 2,965 mwaka wa 2016, ilhali makadirio yake yenyewe yalikuwa vifo 13,463, yaani watu 27.8 kwa kila wakazi 100,000. Makadirio hayo yalizidi hesabu rasmi kwa zaidi ya mara nne na nusu.

Tofauti hiyo si suala la wataalamu pekee. Serikali hupanga bajeti ya barabara, magari ya ambulensi na vitanda vya hospitali kwa kutegemea idadi ya wanaokufa. Asiyehesabiwa hapangiwi.

Duniani kote, WHO ilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki barabarani mwaka wa 2021, kutoka milioni 1.35 mwaka wa 2016. Hivyo, hesabu rasmi za Kenya zilikuwa zikipanda wakati makadirio ya dunia yalikuwa yakishuka.

Kanuni za Michuki

Hatua iliyoacha kumbukumbu kubwa zaidi ni ile ya waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki. Kanuni zake, zilizochapishwa mwaka wa 2003, zilianza kutekelezwa Februari 1, 2004.

Matatu zililazimika kuwekwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kasi ya zaidi ya kilomita 80 kwa saa, pamoja na mikanda ya usalama kwa kila abiria. Matatu ndogo zilipewa kikomo cha abiria 14, zikachorwa mstari wa manjano, na kila gari likatakiwa kuonyesha njia yake. Madereva na makanga walivalishwa sare na kutakiwa kuwa na vyeti vya maadili kutoka kwa polisi.

Wenye magari walipinga na maelfu ya wasafiri wakatembea kwa miguu siku za mwanzo, lakini Michuki hakulegeza kamba. Takwimu za polisi zilionyesha kupungua kwa vifo katika kipindi hicho cha kwanza.

Nafuu hiyo haikudumu. Vidhibiti mwendo vilichezewa, mikanda ikachakaa bila kubadilishwa, na abiria wa ziada wakarudi. Mnamo Novemba 12, 2018, zaidi ya miaka sita baada ya kifo cha Michuki, serikali ilitangaza msako wa kurejesha kanuni zilezile. Magari mengi yaliondolewa barabarani, nauli zikapanda na wasafiri wakatembea tena kwa miguu. Msako huo nao ulipoa.

Sheria na mamlaka mpya

Sheria ya kuunda NTSA ilipitishwa mwaka wa 2012 na mamlaka hiyo ikaanza kazi mwaka uliofuata. Ilikabidhiwa usajili wa magari, ukaguzi, leseni za udereva na leseni za magari ya umma, pamoja na jukumu la kuishauri serikali kuhusu usalama.

Mwaka huohuo wa 2012, Sheria ya Trafiki ilirekebishwa na adhabu zikaongezwa. Chini ya sheria hiyo, dereva anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari anaweza kufungwa jela hadi miaka 10. Anayepatikana akiendesha akiwa mlevi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au adhabu zote mbili. Kifaa cha kupima pumzi za madereva, maarufu kama alcoblow, kilirejeshwa barabarani mwishoni mwa 2013.

Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana katika barabara ya Nakuru-Eldoret na watu 36 wakafariki. Serikali ilipiga marufuku safari za usiku za magari ya umma ya masafa marefu. Januari 2018, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza maafisa wa NTSA waondoke barabarani na kuwaachia polisi kazi hiyo. Marufuku ya safari za usiku nayo iliondolewa baadaye.

Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa likisafiri usiku kutoka Nairobi kuelekea Kakamega lilibingiria eneo la Fort Ternan na kuua zaidi ya watu 50. Ilibainika kuwa halikuwa na leseni ya kusafirisha abiria usiku.

Mfululizo huo unaonyesha tabia ya hatua nyingi za serikali katika miongo hii miwili. Hutangazwa baada ya mkasa, hutekelezwa kwa ukali kwa majuma kadhaa, kisha hufifia hadi mkasa mwingine unapotokea. Katika makutano ya Londiani, Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo na kuwagonga wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja magari kando ya barabara. Watu wasiopungua 52 walifariki. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote, na hakuna mkanda wa usalama ambao ungewaokoa.

Ujio wa bodaboda

Badiliko kubwa zaidi barabarani lilitokana na bajeti, si na sheria ya trafiki. Mnamo 2008, serikali iliondoa ushuru wa thamani ya ziada (VAT) kwa pikipiki ndogo zenye injini isiyozidi sisi 250. Bei ikashuka, vijana wakapata ajira, na katika miaka michache pikipiki mpya zilizosajiliwa zikapita laki moja kwa mwaka.

Mafunzo hayakufuata kasi hiyo. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu. Kwa mujibu wa WHO, helmeti bora iliyofungwa sawasawa hupunguza uwezekano wa kifo kwa takriban asilimia 40 au zaidi. Hata hivyo, ni jambo la kawaida kuona helmeti imetundikwa kwenye usukani huku abiria wawili au watatu wakiwa nyuma, akiwemo mtoto wa shule.

Kisiwa na milango yake

Kisiwa cha Mombasa kina ukubwa wa takriban kilomita 14 mraba tu. Kwa upande wa kaskazini kinaunganishwa na bara kwa Daraja la Nyali, lililokamilika mwaka wa 1980. Upande wa magharibi kuna njia ya Kipevu na Daraja la Makupa, lililofunguliwa 2022 mahali pa tuta la zamani. Upande wa kusini kuna kivuko cha Likoni, kinachotumiwa na takriban watu 300,000 kila siku, wengi wao kwa miguu.

Wakazi wa kaunti hiyo walikuwa zaidi ya milioni 1.2 katika sensa ya 2019. Wengi huishi bara na kufanya kazi, kusoma au kununua bidhaa kisiwani. Kila asubuhi umati huo hupita katika milango hiyo michache ukitumia matatu, tuktuk, bodaboda na miguu, na jioni hurudi kwa njia zilezile.

Kwa miaka mingi umati huo umekuwa ukigawana barabara na malori ya bandari. Kuanza kwa reli ya kisasa mwaka wa 2017 na kwa mizigo kusafirishwa kwa reli hiyo mwaka wa 2018 kulipunguza sehemu ya mzigo huo, lakini malori hayakutoweka. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka huo wa 2018, ilijengwa ili magari ya kusini yasilazimike kupitia kisiwani na kwenye feri.

Umuhimu wa njia hiyo ulidhihirika Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwa feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni na kuzama. Mama na bintiye walifariki, na ilichukua karibu majuma mawili kuliopoa gari hilo. Wakati huo nchi iligundua kwamba feri iliyobeba maelfu ya watu haikuwa na kizuizi madhubuti cha kulizuia gari lisiteleze.

Barabara Kuu ya Mombasa-Nairobi, yenye urefu wa takriban kilomita 480, ina historia yake ya majonzi. Machi 18, 2024, wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliokuwa wakielekea Mombasa kwa ziara ya masomo walifariki eneo la Maungu, karibu na Voi, basi lao lilipogongana na trela.

Mwendo wa Ndia Kuu

Ndani ya kisiwa, hatari ina sura nyingine. Katika barabara za Jomo Kenyatta, Digo na Abdel Nasser, na katika eneo la Mwembe Tayari, matatu husimama ghafla kuchukua abiria, tuktuk hujipenyeza, mikokoteni huvutwa kando, na wachuuzi hukalia sehemu iliyotengewa waenda kwa miguu. Mpita njia hushuka barabarani kwa sababu hana pengine pa kupita.

Hatua chache kutoka Barabara ya Digo ndipo unapoanza Mji wa Kale. Barabara yake mashuhuri inaitwa Ndia Kuu, “ndia” likiwa ni neno la Kimvita kwa njia. Jina hilo huwashangaza wageni, kwani njia hiyo iliyokuwa kuu ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili hupishana kwa taabu. Mitaa ya Kibokoni na Kuze ni ya namna hiyohiyo. Mlango wa nyumba hufungukia njiani, wazee huketi barazani, na watoto huenda madrasa kwa miguu.

Mji huo ulijengwa kwa ajili ya watu, punda na mikokoteni, karne kadhaa kabla ya gari la kwanza kufika. Wembamba wa vichochoro vyake na kona zake kali humlazimisha dereva kwenda taratibu. Hakuna askari wala kidhibiti mwendo kinachohitajika mahali ambapo ukuta wenyewe ndio sheria.

Hesabu ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa husafiri zaidi ya mita nane katika sekunde moja. Kwa kilomita 50 husafiri karibu mita 14, na kwa kilomita 80 mita 22. Huo ni umbali ambao gari hupita kabla hata dereva hajakanyaga breki, iwapo atachukua sekunde moja kutambua kwamba mtoto ameingia barabarani. WHO inaeleza kuwa wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia moja, uwezekano wa ajali inayoua huongezeka kwa asilimia nne. Uwezekano wa kifo kwa mtu anayegongwa na gari huongezeka zaidi ya mara nne kasi inapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa.

Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini. Hata hivyo, barabara pana iliyonyooka, isiyo na matuta wala vivukio vilivyoinuliwa, humwalika dereva kwenda kasi zaidi, hasa usiku na alfajiri inapokuwa tupu.

Mji wa Kale nao hauko salama kabisa. Pikipiki hupita palipokuwa na nafasi ya mtu na mkokoteni tu, na hupita kwa kasi ambayo waliojenga vichochoro hivyo hawakuiwazia. Mkongwe anayetoka msikitini au mtoto anayekimbia kutoka mlangoni hana pa kukwepea. Kinga ya wembamba hupotea pale chombo kinapokuwa chembamba kuliko njia.

Hivyo, anayesimamia usalama wa kisiwa ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuzipa barabara kubwa baadhi ya sifa za Mji wa Kale: vivukio vilivyoinuliwa karibu na shule, misikiti, makanisa na masoko, vituo rasmi vya matatu, na njia za miguu zisizokaliwa na bidhaa. Ya pili ni kuulinda Mji wa Kale wenyewe kwa kuweka saa na sehemu ambazo pikipiki na tuktuk hazitaingia. Kazi hizi zimegawanywa kati ya mamlaka za barabara za kitaifa, zikiwemo KeNHA na KURA zilizoundwa kwa sheria ya 2007, na serikali ya kaunti. Mgawanyo huo hufanya iwe rahisi kwa kila ofisi kuielekezea nyingine kidole.

Haki za waathiriwa

Sheria inampa mwathiriwa na familia yake haki kadhaa ambazo wengi hawazifahamu.

Dereva aliyehusika katika ajali iliyomjeruhi mtu anatakiwa kusimama na kutoa maelezo yake. Asipofanya hivyo papo hapo, lazima aripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kuisha.

Katiba, katika Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hospitali haina ruhusa ya kumwacha majeruhi avuje damu kwa kuwa hana pesa za kutanguliza.

Kila gari linalotumia barabara ya umma lazima liwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Mwenda kwa miguu aliyegongwa anaweza kudai fidia, sawa na abiria. Sheria ya bima hiyo inaweka kikomo cha Sh3 milioni ambazo kampuni inaweza kulazimishwa kumlipa mtu mmoja.

Kesi ya madai ya majeraha au kifo kutokana na uzembe inafaa kuwasilishwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Familia nyingi hupoteza haki hiyo kwa kungoja mno, au kwa kukosa kuchukua mapema nakala ya ripoti ya polisi, stakabadhi za hospitali na nambari ya usajili wa gari.

Lengo la 2028

Umoja wa Mataifa ulitangaza 2011 hadi 2020 kuwa mwongo wa kwanza wa hatua za usalama barabarani. Kenya ilimaliza mwongo huo ikiwa na vifo vingi kuliko ilivyoanza. Mwongo wa pili, wa 2021 hadi 2030, unalenga kupunguza vifo kwa nusu.

Serikali ya Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa wa usalama barabarani Aprili 2024, nao unalenga kupunguza vifo kwa asilimia 50 kufikia 2028. Mwaka wa uzinduzi wenyewe ulimalizika na vifo vingi kuliko uliotangulia.

Uswidi ilipopitisha sera yake ya kukomesha vifo barabarani mwaka wa 1997, ilianza na kanuni moja: binadamu atakosea, kwa hivyo barabara ijengwe ili kosa lake lisigharimu uhai. Huko, swali linaloulizwa baada ya msiba si nani alikosea tu, bali pia ni nini mahali hapo kilichofanya kosa liue.

Swali hilo laweza kuulizwa pia katika kila mahali kisiwani Mombasa ambapo mtu amewahi kugongwa. Polisi wana kumbukumbu za ajali, hospitali zina daftari za majeruhi, na kaunti ina ramani za barabara. Daftari hizo tatu zikilinganishwa, mahali panapoua patajulikana kabla ya mwingine kugongwa hapohapo, na tuta au kivukio kitaweza kujengwa mahali panapohitajika.